Mstari Aliouruka Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za nyumbani, hata kama hukuzitarajia. Natumaini wewe, wifi na mtoto mnaendelea vizuri, na kwamba kile kikohozi chako cha kipindi cha baridi kimekuacha. Na mtoto je, ameshatembea? Dereva wa lori la mbao, huyu huyu aliyekubali kukuletea barua hii, aliniambia alimkuta amejishika kwenye mguu wa meza yako ya kazi, anayumba kama mlevi. Nilicheka sana, halafu nikaenda jikoni nikalia, maana mimi ni shangazi wa mtu nisiyemjua hata sura.

Kuhusu sisi huku, barua zinataka niandike kwamba hatujambo, lakini uongo katika nyumba hii umetutosha. Baba anaumwa, Kaka. Daktari anasema ni mapafu, ni vumbi la mbao la miaka yote aliyokataa kujifunga kitambaa puani, eti kitambaa kinamfanya aonekane mwizi. Sasa hatoki chumbani mpaka karakana bila kupumzika njiani kwenye kiti cha ukumbini. Daktari hakusema umebaki muda gani. Alisema tu tumrudishe nyumbani na tusimchoshe, na mimi si mtoto, najua maana yake. Anachotaka ni kimoja, akuone. Nakuandikia kukuomba uje. Najua ukifika kwenye sentensi hiyo utataka kuikunja barua uitupe kwenye maranda, na mimi ningekuwa wewe ningeitupa vilevile. Kwa hiyo nakusihi usome mpaka mwisho kwanza, halafu uamue.

Karakana bado ipo. Mimi Kasuku wako, uliyezoea kunifukuza nikalonge jikoni, sasa ndiye ninayesimama kwenye msumeno. Wateja wakiingia wananitazama, wanatazama nyuma yangu, wanauliza fundi yuko wapi. Nawaambia ametoka kidogo, hebu tupime huku tunamngoja. Tukimaliza kupima ndipo wanaelewa. Tumebaki na mafundi wawili tu, yule mzee na yule mkimya. Vanishi bado napaka mwenyewe kwa sababu hao wawili wakishika brashi utadhani wanapaka ukuta.

Unakumbuka sala zetu za jioni? Chakula kipo mezani kimefunikwa, Baba amesimama nyuma ya kiti chake, tunaanza sala ya Bwana. Na sheria ya nyumba ilikuwa hiyo moja: tukifika kwenye mstari wa makosa, ule wa “utusamehe makosa yetu, kama nasi tunavyowasamehe waliotukosea,” kama kuna wawili waliokosana siku hiyo, Baba anakatiza, ananyamaza, na wote tunanyamaza mpaka hao wawili wapeane mikono. Siku ile ulipochukua utepe wangu wa nywele, ule mpya, ukafungia miguu ya stuli uliyoipaka gundi, utepe ukagandia pale moja kwa moja, niliapa sikupi mkono hata Yesu arudi. Tulisimama mpaka mchuzi ukaganda. Mama akauliza kwa upole kama Mungu hawezi kuturuhusu tule kwanza. Baba akasema yeye hawezi kumdanganya Mungu mbele ya mashahidi. Mwishowe nilikupa mkono kwa njaa tu, na nikakufinya. Mpaka leo sijajuta.

Sasa nivumilie nikurudishe kwenye siku ya mkono wa Baba. Sichokozi kidonda kwa kupenda, lakini nataka uione siku ile upya, kwa sababu mimi nimelazimika kuiona upya. Ilikuwa wiki ya mabenchi ya kanisa. Baba, mzee wa kanisa, alikuwa ameahidi yatakuwa tayari kabla ya ibada ya Jumapili, na wiki nzima hakukaa hata kunywa chai. Ubao ukakwama kwenye msumeno, mashine ikazimwa, Baba akawa anauchomoa ubao kwa mkono. Wewe ulikuwa kwenye swichi ukutani, nyuma ya rundo la mbao, mahali ambapo mtu haoni meza ya msumeno hata akijinyoosha vipi. Ndiyo maana Baba mwenyewe aliweka utaratibu ule kabla hatujazaliwa. Wa swichi anaita “Mikono!” Wa mezani anatoa mikono yote miwili, anaiinua, ndipo anaitika “Juu!” Bila hiyo juu hakuna kuwasha. Tulijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Tulikuwa tunalicheza hata kwenye swichi ya taa ya ukumbini, mpaka Mama anatutishia kiatu.

Mimi nilikuwa nimetumwa vanishi, na mafundi walikuwa nje barabarani wakishusha mbao. Niliporudi nilikuta maranda mekundu sakafuni na mafundi wanakimbia huku na huku. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda.

Hospitalini, Baba alipoulizwa, alisema hukuita. Wewe ukasema uliita na yeye akaitika. Akarudia, uso ameugeuzia ukutani, kwamba hukuita. Basi, ikaisha. Nani angemwamini kijana mwenye haraka zako, aliyesemwa kila siku kwa kuacha patasi mezani, mbele ya mtu aliyeitunga sheria yenyewe? Hata mimi sikukuamini, Kaka. Mchungaji akaja na wazee wawili, wakakukalisha ukumbini, wakakuambia mkono ni ajali na ajali husameheka, ila uongo uutubu. Ukawajibu kwa heshima kwamba huwezi kutubu usilolifanya. Ndipo Baba, mkono umefungwa kifuani, akatamka lile neno, kwamba kuishi bila vidole anaweza, lakini kuishi na mwongo hawezi. Kesho yake uliondoka na begi na randa yako ndogo. Mama alikusindikiza mpaka kwenye kona, akarudi, akaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Hujui kilichofuata, maana hukuwepo. Jioni ile ile, kwenye sala, Baba aliruka mstari wa makosa. Alipotoka kwenye mkate alikwenda moja kwa moja kwenye majaribu, kama mtu anayeruka dimbwi. Nilidhani amesahau kwa maumivu. Kesho yake akaruka tena, na keshokutwa, na karibu miaka yote hii sita tangu uondoke. Kanisani, ambako sala inasemwa na wote, nilikuwa namwangalia kwa pembeni. Midomo inatembea vizuri, ikifika pale inafungwa. Na Mama hakubishana naye hata siku moja. Aliusema mstari ule peke yake kwa sauti ya chini, na kwa kuwa sisi tulikuwa tumeshapita, alibaki nyuma, amina yake ikafika tumeshakaa. Nilikuwa namwonea huruma. Nilidhani anakusamehe wewe kwa niaba ya Baba aliyekataa. Mchungaji naye alidhani hivyo, akamwita Baba ofisini zaidi ya mara moja kumsihi asiufunge moyo kwa mwanawe. Baba alikuwa anatikisa kichwa kukubali, anarudi nyumbani, anaruka. Siku moja nilimuuliza Mama anawezaje kuvumilia nyumba kama hii, akanijibu kwamba vitunguu vinaungua, nimpishe apite.

Wiki za mwisho za Mama hospitalini nilitaka nikufuate nikulete hata kwa kamba. Mama alikataa. Alisema utakuja njia ikifunguka, na mimi sikuelewa ni njia gani iliyofungwa.

Siku ya mazishi nilikuona. Ulidhani hukuonekana? Ulikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa makaburi, kofia umeishusha mpaka kwenye nyusi, mguu mmoja mbele kama unavyosimama ukipiga randa. Nilikutambua kwa mguu. Nilitaka kukuita, lakini mimi Kasuku mzima nikakosa sauti, na nilipogeuka tena ulikuwa umeshaondoka. Hukumtupia mama yako hata konzi moja ya udongo, kwa sababu ya neno la Baba. Jambo hilo linaniamsha mpaka leo.

Jioni ya kwanza baada ya watu kutawanyika, tulibaki wawili mezani. Baba akaanza sala, akafika kwenye mkate, akaruka, na nyuma yetu hapakuwa na mtu. Akasimama. Nadhani sikio lake lilikuwa linaingoja ile sauti ya chini. Akaanza tena toka juu, akakwama palepale, akavuta kiti akakaa. Tulikula bila amina. Baada ya hapo sala zikawa za kubahatisha, mwisho zikakoma kabisa, na akiulizwa anasema kifua kinambana.

Sasa nisikilize. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita Baba aliomba nimpeleke karakana akanuse mbao. Nilimweka kwenye kiti karibu na mlango, nikamfunika blanketi magotini. Mafundi walikuwa wamepeleka kitanda kwa mteja, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na sikuwa na wa kumwita, lakini mdomo umezoea. Nilifika kwenye swichi, nikaita “Mikono!” Na nyuma yangu Baba akaitika “Juu!” palepale, kwa sauti ile ile ya zamani. Niligeuka nikicheka, nataka kumtania kwamba kumbe mgonjwa wetu bado yumo. Mikono yake yote miwili ilikuwa magotini, chini ya blanketi. Alikuwa anaitazama. Kisha akaanza kulia.

Nilidhani ni kifua, nikakimbilia maji. Akayasukuma. Akaniambia kwa vipande, maana pumzi inamkatikia, kwamba hivyo ndivyo alivyokuitikia wewe. Uliita, Kaka. Uliita kwa sauti, ukangoja. Na yeye, kichwa kimejaa mabenchi ya Jumapili, akaitika kwa mazoea tu, mkono bado uko chini ya ubao. Ulifanya kila kitu alichokufundisha, na bado tukakuita mwongo.

Nilimuuliza kwa nini. Sikumuuliza kwa adabu, nakiri. Alisema pale hospitalini mafundi wake wote walikuwa wamesimama mlangoni, vijana ambao aliwahi kuwazaba vibao kwa kuitika kabla ya kuinua mikono, na aibu ikamshinda. Alijiambia atalirekebisha kesho. Kesho yake mchungaji alikuwa ameshaambiwa. Siku iliyofuata wewe ulikuwa umeshaondoka. Kila siku aliyoiacha ipite iliongeza uzito, mpaka ikawa hawezi hata kulinyanyua neno lenyewe. Kuhusu sala, alisema hakuwahi kuwa na kinyongo na wewe hata siku moja. Alishindwa tu kumwomba Mungu amsamehe kosa ambalo alikuwa amemtwisha mtoto wake.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Akasema bado. Akasema Mama alijua.

Mama alikuwa nyuma ya karakana siku ile, anaanika nguo, na dirisha lilikuwa wazi. Alikusikia ukiita na alimsikia mumewe akiitika. Miaka yote alinyamaza, mpaka alipolala kitanda cha hospitali ndipo akamwambia Baba. Alimwambia kwamba angelisema yeye, angempata mwana na kumpoteza mume, kwa sababu anamjua mumewe, asingeweza tena kumtazama mkewe usoni. Akilisema Baba mwenyewe, atawapata wote wawili. Alitegemea itachukua wiki moja. Kwa hiyo akangoja, na kila jioni akawa anausema ule mstari mwishoni, peke yake, ili mumewe ajue kwamba yeye ameshamsamehe na kilichobaki ni kufungua mdomo. Mimi nilidhani anakusamehe wewe, kumbe wewe hukuwa na la kusamehewa. Alikuwa anamsamehe Baba. Akafa anangoja.

Sitakuficha, Kaka, nilipandwa na hasira mpaka nikaacha kukata kwa kuogopa nisije nikafuata njia ya vidole vya Baba. Nilimwambia Baba maneno ambayo sitayaandika hapa. Na nilimkasirikia Mama, Mungu anisamehe, marehemu wa watu. Nilisimama jikoni nikamgombeza sufuria zake zikinisikiliza. Uvumilivu gani huu, Mama? Ungesema neno moja tu, mwanao angekuwa amekushika mkono siku zako za mwisho. Wewe unayewapenda wote wawili, mbona mmoja ulimwacha akalale ugenini na jina la mwongo mgongoni? Siku kadhaa nilimpelekea Baba uji bila salamu, naweka kikombe, naondoka. Alikuwa ananishukuru nimeshageuka.

Jumatano akaniomba niwaite mafundi wote wawili na mchungaji. Walikuja jioni, chakula kimeshaandaliwa. Baba alisimama, ameushikilia mgongo wa kiti, akawaeleza mwenyewe tangu mwanzo, bila kupunguza. Ilimchukua muda mrefu kwa sababu ya pumzi, na alipokwama sikumsaidia hata neno moja. Fundi mzee alitoka nje, akarudi macho mekundu. Mchungaji alijishika kichwa. Amenituma nikuombe radhi kwa yale aliyokuambia ukumbini, na anasema ukifika atakuja kuyarudia mbele yako na mbele ya kanisa kama utapenda.

Halafu Baba akaanza sala. Akafika kwenye mkate, na mimi nikashika meza kwa kujua anaruka. Hakuruka. Aliomba asamehewe, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kisha akasimama hapo hapo katikati ya mstari. Ile nusu nyingine, ya kusamehe wengine, hakuisema. Alisema yeye hana wa kumsamehe. Nusu hiyo ni yako na yangu, na hana haki ya kututilia mdomoni. Wote wakanitazama. Nilifungua mdomo, na mimi unayenijua, niliyekuwa nikisema hata usingizini, sikutoa hata herufi. Tulisimama mpaka mchuzi ukaganda, Kaka, kama siku ya utepe. Na kila jioni tangu siku hiyo ni hivyohivyo. Anaomba nusu yake, anangoja kidogo amesimama, halafu anakaa, tunakula.

Kwa hiyo sikuandikii ili nikuambie usamehe. Ningekuwa na uso gani, wakati mimi niliyekaa hapa kwa raha zangu, nimepikiwa na Mama miaka yote, sijaweza? Ninachojua ni kwamba nusu ile peke yangu inanishinda. Njoo tuiseme wawili. Au njoo umwambie usoni kwamba huwezi. Hilo nalo ni haki yako, na amesema atalipokea bila kubisha. Ila njoo angali na pumzi ya kukusikia. Tumeshamngojea mtu katika nyumba hii mpaka akazikwa mwingine, na sitaki tena kungoja kwa namna hiyo. Mkono wake wa kulia ndio huo, una vidole viwili, na kila jioni anauweka mezani wakati anakungoja.

Ukifika usipite mlango wa mbele. Pita karakana, nenda kwenye swichi yako nyuma ya mbao, uite kama ulivyoita siku ile. Nimeshakipeleka kiti chake pale karibu na meza ya msumeno, na kila asubuhi anataka akalishwe hapo. Atainua mikono yote miwili kwanza, ndipo aitike, na safari hii mimi nitakuwa nimesimama dirishani nasikia.

Dereva ameshapiga honi mara mbili, na akipiga ya tatu ataniacha na bahasha mkononi. Nisalimie sana wifi, mwambie namwonea aibu kwa kuchelewa hivi kumsalimu. Mbusu mtoto, umwambie shangazi yake anamtengenezea stuli fupi ya kujishikia, na utepe wa kufungia miguu mpaka gundi ishike nitautoa mwenyewe, bila kuibiwa. Fundi mzee na fundi mkimya wanakusalimu, yule mkimya amesema neno zima, amesema “msalimie.” Baba hakutuma salamu. Amesema za kwake atakupa kwa mkono.

Bwana akulinde njiani.

Ni mimi dada yako, mwenye maneno mengi na yaliyonishinda machache,

Kasuku